Kabla hujasema anakula hasira zake, muulize alikula nini mchana

"Amerudisha kilo kwa sababu anakula hasira zake." Walimu wa jimu wanasema, marafiki wanasema, na aliyerudisha kilo naye anaitikia kwa aibu. Hisia zimo, sikatai. Ila mara nyingi anayeshambulia chapati saa nne usiku alikunywa chai kavu asubuhi na mchana akala tikiti maji.

Uzito ukipungua, leptini, homoni ya shibe, hushuka na grelini, homoni ya njaa, hupanda. Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne walichapisha matokeo ya watu waliokula kidogo mno kwa wiki 10: mwaka mmoja baadaye, homoni za njaa zilikuwa bado hazijarudi zilipokuwa. Mwambie huyo aongeze nidhamu, tuone.

Kinachoniudhi zaidi ni kile kipimo cha "ungekubali ugali na maharage? Kama hutaki, hiyo si njaa." Kwa aliyeshiba vizuri siku nzima, sawa. Kwa aliyetoka kwenye dayati kinadanganya, maana mwili wenye upungufu huvutwa zaidi na mafuta na sukari. Anaitaka chapati, na njaa anayo kweli. Siku ambayo amegombana na mume na pia hajala mchana, mimi sijui kuvitenganisha viwili hivyo, na simwamini sana anayedai anajua.

Kwa hiyo naanza na chakula. Wiki moja andika kila ulipokula bila kupanga: saa ngapi, mlo wa mwisho ulikuwa lini na wa nini, na kilichotokea nusu saa kabla. Kalori achana nazo. Ukiona pengo la saa tano au zaidi, ziba hilo kwanza: mayai mawili asubuhi, mchana ugali wa ukubwa wa ngumi na dagaa au maharage (wanga usiufute!), saa kumi jioni kiganja cha karanga. Fanya hivyo wiki mbili. Kitakachobaki, tuseme kula kila baada ya simu ya kudaiwa ada, hicho ndicho cha hisia. Hapo usijikataze chapati. Toa moja, weka kwenye sahani, funga hotipoti, kaa ule. Ukinyofoa umesimama jikoni hutajua umemaliza ngapi.

Kesho yake mizani ikionyesha kilo moja na nusu zaidi, mengi ni maji: kila gramu ya glaikojeni (wanga unaohifadhiwa mwilini) hushika takriban gramu tatu za maji, na chumvi nayo huongeza. Kilo ya mafuta ya mwilini hudai ziada ya kalori kama 7,700. Chapati tatu hazifiki hata robo. Hasara inakuja ukiingiwa na hofu ukaruka chai ya asubuhi, kwa sababu usiku utarudi palepale. Pima mara moja kwa wiki, asubuhi, baada ya kutoka msalani.

Lakini ukila huku huwezi kujizuia, angalau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu, au ukijitapisha, daftari halitoshi. Muone daktari au mwanasaikolojia, na dayati nyingine usianze.