Gasketi ya kamado imeungua? Kagua mfuniko kabla ya kununua nyingine

Jiko la kamado, lile la kauri lenye umbo la yai, hupika kwa namna mbili zilizo mbali sana: nyama inayoiva polepole kwa nyuzi joto 110 za Selsiasi kwa saa kumi na zaidi, na piza kwa 350 kwenda juu. Gasketi, ule ukanda uliobandikwa kwenye ukingo wa kitako na wa mfuniko, huharibiwa na upishi wa pili, lakini hasara yake utaiona kwenye ule wa kwanza. Moto ukiwa mkali, hewa kidogo inayopenya ukingoni haina neno. Moto ukiwa mdogo, hewa hiyohiyo inachochea mkaa: unabana matundu ya hewa na joto linazidi kupanda. Ukimaliza kupika, jiko halizimiki, na mkaa ambao ungeutumia kesho unateketea wote.

Gasketi nyingi za kamado ni feliti, yaani kitambaa kizito cha nyuzi zilizoshindiliwa, na nyuzi hizo ni za aramidi inayostahimili joto, maarufu kwa jina la Nomex. Haziyeyuki. Zikifika nyuzi joto 350 au zaidi kidogo zinakuwa nyeusi, zinakakamaa, kisha zinameguka ukizigusa. Gundi iliyo chini yake hushindwa mapema zaidi, ndiyo maana mara nyingi ukanda unaning'inia hali feliti yenyewe bado nzima. Gasketi za nyuzi za kioo, kama zile za milango ya majiko ya kuni, huhimili zaidi ya nyuzi joto 500, ila nazo zinategemea gundi.

Sasa, kipimajoto cha mfuniko kisikudanganye. Kinapima hewa ya juu, si ukingo. Ukiweka bamba la kauri lenye miguu, lile la kukinga chakula na moto, miali haiwezi kupita katikati. Inazunguka pembeni na kupanda ukutani. Bamba likiwekwa miguu chini, uso wake unakaribia usawa wa gasketi, na miali inatokea hapohapo. Kwa piza weka miguu juu, bamba likae chini ndani ya kitako, kisha inua jiwe la piza lipite usawa wa ukingo.

Sababu ninayoipa uzito kuliko zote ni mfuniko usiokaa sawa. Palipo na mwanya, moto unapata njia ya kutokea, na gasketi inaungua pale tu, huku kwingine ikibaki salama. Ukikuta imeungua sehemu moja, tuseme mbele au upande wa kushoto, ukibandika mpya bila kurekebisha mfuniko itaungua palepale.

Jiko likiwa limepoa kabisa, weka kipande cha karatasi ukingoni, funga, kisha kivute. Kinatakiwa kukaza. Rudia kuzunguka jiko lote, kila baada ya sentimita 10 hivi. Kikichomoka bila kukaza, tazama mikanda ya chuma inayobeba mfuniko. Legeza kidogo nati za mkanda wa juu MFUNIKO UKIWA UMEFUNGWA, usogeze mpaka kingo mbili zilingane, kisha kaza nati kwa zamu, kila moja kidogo kidogo. Ukizilegeza mfuniko ukiwa wazi, kauri inaweza kuchomoka na kuvunjika.

Baada ya hapo ndipo uondoe gasketi kuukuu. Ikwangue kwa skrepa bapa, mabaki ya gundi yafute kwa kitambaa chenye asetoni, na panapogoma tumia msasa namba 80. Vaa glavu na barakoa, hasa kwa nyuzi za kioo, na moto usiwe karibu. Ukingo huwa hauna gileizi, ule mng'ao laini unaopakwa juu ya kauri, kwa hiyo unafyonza asetoni: uache wazi mpaka harufu iishe, la sivyo gundi mpya haitashika.

Ukingo wenye kipenyo cha sentimita 46 unahitaji ukanda wa sentimita 145 hivi; kwa kingo zote mbili nunua mita 3 na ushee. Upana wa kawaida ni milimita 22, unene 3. Anzia nyuma, kwenye bawaba, na maungio ya juu na ya chini yasikutane. Usiuvute ukanda unapobandika: ukivutwa utarudi kwa joto na kuacha pengo kwenye ungio. Urudishe nyuma milimita 2 au 3 kutoka ukingo wa ndani ili miali isiulambe. Funga mfuniko saa 24, kisha mioto michache ya kwanza isizidi nyuzi 200. Ukiamua kubandika upande mmoja tu, kimo cha mfuniko kinabadilika, kwa hiyo rudia jaribio la karatasi.

Kwenye moto mkali, usifungue kwa ghafla. Inua mfuniko sentimita 4 hivi, subiri sekunde chache hewa iingie taratibu, ndipo ufungue wote. Vinginevyo moto unalipuka kutokea mbele, unaunguza gasketi na mkono wako. Kulichoma jiko kwa nyuzi 400 saa nzima ili kuondoa mafuta sikushauri hata kidogo: wavu unasafishwa kwa brashi.

Na mfuniko ukinata baada ya nyama yenye mafuta mengi, usiung'oe kwa nguvu. Mafuta yaliyoganda yameshika feliti za pande mbili. Washa mkaa kidogo kupitia kilango cha chini, yalainike, ndipo uinue.