Kripto na shilingi: tunayoaminishana na hali ilivyo

Juni 2021, akizindua jengo la tawi la Benki Kuu jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan aliwataka wataalamu wa benki hiyo waanze kujiandaa kwa sarafu za mtandaoni, zisije zikawakuta wamelala. Ubishi haujaisha tangu hapo. Kuna wanaoapa kwamba shilingi imepitwa na wakati, na kuna wanaoapa kwamba kripto, yaani hizo sarafu za mtandaoni, ni utapeli mtupu. Wote wana hoja, na wote wanabeba uongo kwenye mkoba uleule. Mimi kabla ya kushika upande huwa nauliza jambo moja: mambo yakiharibika, unamdai nani?

"Shilingi ni karatasi tu, nyuma yake hakuna kitu"

Dhahabu haipo, hilo kweli. Hata dola haina dhahabu nyuma yake tangu Agosti 1971, Rais Nixon aliposimamisha kuibadilisha. Lakini nyuma ya shilingi yupo TRA, mkusanya kodi wa Tanzania. Mfanyabiashara wa Kariakoo anaweza kuisifia Bitcoin, kripto inayojulikana zaidi, kutwa nzima kijiweni. Kontena lake likifika bandarini, ushuru anaulipa kwa shilingi. Ana mahali pa lazima pa kuitumia, na kila mwenzake anapo, ndiyo maana wote wanaitafuta.

Historia yetu inalionyesha hili bila kupamba. Wajerumani walipotaka rupia yao izunguke bara, hawakufanya semina. Mwaka 1898 walianza kutoza kodi ya nyumba. Mwanzoni wapo waliolipa kwa mazao au kwa nguvu zao, lakini kadiri kodi ilivyodaiwa taslimu, ndivyo watu walivyolazimika kuuza walichonacho au kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi ili wapate rupia. Si kisa cha kupendeza. Ila ndivyo fedha ya serikali inavyopata nguvu, na anayesema haina kitu nyuma yake amemsahau mkusanya kodi.

El Salvador ilijaribu kuipa Bitcoin nguvu hiyo. Septemba 2021 iliifanya fedha halali ya malipo kando ya dola, ambayo nchi hiyo inaitumia tangu 2001. Wafanyabiashara walitakiwa kuipokea, na serikali ikaweka kianzio cha Bitcoin za dola 30 kwa kila raia aliyepakua pochi ya serikali, yaani programu ya simu ya kuhifadhia Bitcoin. Wengi walichukua kianzio, wakakitumia, wakarudi kwenye dola. Januari 2025, baada ya kukubaliana mkopo wa dola bilioni 1.4 na Shirika la Fedha la Kimataifa, bunge lilirekebisha sheria: kupokea Bitcoin ni hiari, na kodi hailipwi tena kwa Bitcoin.

"Bitcoin zina kikomo, kwa hiyo thamani yake haishuki"

Kikomo kipo: hazitazidi milioni 21. Mpya zinatolewa kwa wanaoendesha mitambo ya kuthibitisha miamala, takriban kila dakika 10, na kiasi kinakatwa nusu kila baada ya miaka minne hivi. Tangu Aprili 2024 ni 3.125 kwa kila awamu. Hakuna gavana anayeweza kuamka asubuhi akaongeza.

Tatizo ni kwamba idadi ya kitu ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni wanunuzi, na hao hawana kikomo wala msimamo. Novemba 2021 Bitcoin moja ilikaribia dola 69,000. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa karibu dola 16,000. Baadaye ilipanda tena, ikavuka dola 100,000 Desemba 2024, na hapo wote waliokuwa wamenyamaza wakarudi kutuambia "si tulisema?" Lakini ada ya shule inalipwa Januari, haisubiri mzunguko wa soko.

Hata hivyo, hapa watu wa kripto wana hoja nzito, na nashangaa hawaitumii. Waangalie Zaire ya Mobutu, ambayo leo ni Kongo (DRC). Mapema 1993 serikali iliwalipa askari kwa noti mpya ya zaire milioni 5. Wenye maduka Kinshasa wakaikataa, askari wakafanya ghasia na uporaji, watu wengi wakafa. Oktoba mwaka huohuo ikaja zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani. Majimbo ya Kasai yakaigomea. Watu wa huko waliendelea kutumia noti za zamani, ambazo hakuna tena aliyekuwa akizichapa, na bei kwao zikapanda polepole kuliko sehemu nyingine za nchi zilizokuwa zikizama kwenye noti mpya. Yaani fedha isiyo na serikali nyuma yake, yenye idadi isiyoongezeka, ilifanya kazi kuliko fedha ya serikali iliyokosa aibu.

Kwa hiyo anayesema fedha ya serikali ni salama daima, akamuulize mtu wa Bukavu, hukohuko Kongo, kwa nini hadi leo pango la nyumba linatajwa kwa dola. Ila Kasai walikuwa na jambo moja ambalo mnunuzi wa Bitcoin hana: noti zile walikuwa wakinunuliana nazo sokoni kila siku. Bitcoin wengi wameificha wakisubiri ipande.

"Kripto ni fedha ya siri, haifuatiliki"

Ni kinyume kabisa. Daftari la Bitcoin liko wazi kwa dunia nzima tangu Januari 2009, na kila muamala umo, haufutiki. Kinachofichika ni jina tu, na jina huonekana siku mtu anapotaka kuzigeuza ziwe hela ya kula. Waulize waliohusika na wizi wa Bitfinex, soko la mtandaoni la kuuzia na kununulia kripto, mwaka 2016: karibu Bitcoin 120,000 ziliibwa, na Februari 2022 serikali ya Marekani ikakamata zaidi ya 94,000 kwa kufuata nyayo za daftari hilohilo. Noti ya elfu kumi haiachi nyayo. Mla rushwa mwenye akili bado anataka bahasha.

"Hakuna mtu wa kati"

Hii ndiyo dhana inayowaumiza watu wa kwetu zaidi. Kwenye maandiko ni kweli: Bitcoin inaweza kwenda kutoka kwangu kwenda kwako bila benki. Lakini tazama jinsi kijana wa Mwanza anavyonunua USDT, ile sarafu iliyofungwa kwenye dola, ambayo ndiyo inayotumika hasa huku.

Anafungua programu ya soko kwenye simu, anaingia upande wa mtu kwa mtu, anachagua muuzaji mwenye bei nzuri. Programu inazifungia USDT za muuzaji, saa inaanza kuhesabu dakika 15. Anaona namba ya simu na jina. Anatuma kwa M-Pesa, anabonyeza "nimelipa", anasubiri muuzaji aachie mzigo. Hesabu watu wa kati: soko, kampuni ya simu, muuzaji, na kampuni iliyotoa hiyo USDT, ambayo ina uwezo wa kuifungia anwani yoyote, na imewahi kufanya hivyo mara nyingi.

Upande wa muuzaji kuna mtego wake. Tapeli anamdanganya mtu mwingine kabisa atume hela kwenye namba ya muuzaji, kisha yeye anachukua USDT. Aliyeibiwa anakwenda polisi na namba iliyopokea hela yake. Laini ya muuzaji inafungwa, salio likiwa ndani, na kijana ambaye hakumwibia mtu anaanza kupanda ngazi za ofisi akijieleza. Ndiyo sababu wazoefu hawaachii mzigo kama jina kwenye ujumbe wa M-Pesa halifanani na jina kwenye programu, hata mnunuzi abembeleze vipi kwamba "hiyo laini ni ya shemeji".

Wapo pia wanaoliacha salio lote sokoni kana kwamba wameliweka benki. Soko la FTX lilipoanguka Novemba 2022, wateja waliona namba zao kwenye skrini lakini hela hazikutoka, kwa sababu zilikuwa zimetumiwa kwingine. Mwenye soko, Sam Bankman-Fried, alihukumiwa miaka 25 Machi 2024. Benki ikifa Tanzania, Bodi ya Bima ya Amana inakulipa hadi shilingi milioni 7.5; Kenya, hadi shilingi 500,000. Hata salio la M-Pesa ni shilingi zilizowekwa benki kwenye akaunti ya udhamini, mbali na mali ya kampuni ya simu. Ukihifadhi kripto mwenyewe, dhamana yako ni maneno 12 au 24 ya siri unayopewa ya kurejeshea pochi. Ukiyapoteza, hakuna dawati la huduma kwa wateja.

"Serikali imepiga marufuku", au "serikali inatoza kodi, basi imehalalisha"

Watu wawili wanaweza kuketi meza moja, kila mmoja ameshika moja ya kauli hizi. Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kwamba shilingi ndiyo fedha halali pekee nchini, na kwamba kuuza, kunadi na kutumia sarafu za mtandaoni ni kinyume cha kanuni za fedha za kigeni. Kisha Sheria ya Fedha ya 2024 ikaleta kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya mali za kidijitali. Kodi si leseni. Kukatwa asilimia 3 hakumaanishi kwamba Benki Kuu itakusikiliza ukitapeliwa.

"Sheria zikija, kripto itakufa"

Nigeria walijaribu njia ya kufunga mlango. Februari 2021 benki kuu yao iliamuru benki zifunge akaunti zinazohusika na kripto. Biashara ikahamia mtu kwa mtu, mbali na macho ya kila mdhibiti, na Desemba 2023 amri ikaondolewa. Kilichokufa ni uwezo wa serikali kuona, na kwa muda huo matapeli walineemeka.

Kenya walifika taratibu. Mwaka 2023 walianza na kodi ya asilimia 3 ya thamani nzima ya muamala, uwe umepata faida au hasara, jambo ambalo kwa maoni yangu lilikuwa la kukurupuka. Mwaka 2025 wakaifuta, wakaweka ushuru wa asilimia 10 kwenye ada tu, na Oktoba mwaka huo Rais Ruto akasaini sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali. Sasa soko linalotaka wateja Kenya litatafuta leseni kwa Benki Kuu au Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, kutegemea linafanya nini. Mteja wa soko lenye leseni atakuwa na mlango wa kugonga. Anayenunua USDT kwenye kundi la Telegram kwa mtu anayemjua kwa picha ya wasifu tu, sheria hiyo haimfikii.