Je, wajua kwa nini samaki wa baharini hufa ndani ya maji ya bahari?

Ukiishi Dar es Salaam wazo la kufuga samaki wa baharini nyumbani huja lenyewe. Maji yakipwa pale Msasani au Kigamboni, kwenye vidimbwi vya miambani utakuta samaki wadogo wa mistari, kaa, kamba, pengine na kiti cha pweza, yule mnyama mwenye umbo la nyota, aliyeachwa na maji. Unajiuliza: nikichukua wachache, na madumu matatu ya maji hayo hayo, si wataishi tu sebuleni kwangu? Nyumba imebadilika, maji ni yale yale.

Niliamini hivyo kabisa. Niliweka samaki wawili na kiti cha pweza mmoja kwenye tangi la lita 60. Siku ya nne asubuhi samaki mmoja alikuwa amelala ubavu juu ya mchanga, mashavu yakipiga haraka haraka, na jioni akafa. Maji yalikuwa maangavu, ungeweza kusoma gazeti lililobandikwa upande wa pili wa kioo. Nikaamua kwamba kuna uchafu nisiouona. Nikasugua vioo, mchanga nikauosha kwa maji ya bomba mpaka ukatakata, mawe nikayachemsha, nikajaza maji mapya kutoka baharini. Samaki wa pili alikufa baada ya siku tatu.

Usafi ule ndio ulioniponza. Naurudia kwa sababu karibu kila ninayezungumza naye kuhusu matangi anawaza kama nilivyowaza: maji yanayong'aa ni salama, na samaki akifa dawa ni kuosha zaidi. Sumu yenyewe haina rangi. Samaki hutoa amonia, sehemu kubwa kupitia mashavu yake, kila anapopumua. Huko baharini haimdhuru, kwani inatawanyika kwenye maji yasiyo na mwisho. Ndani ya lita 60 haina pa kwenda. Chumvi inayokolea vizuri kwenye sufuria ya pilau ya shughuli, ukiitia yote kwenye kikombe kimoja cha chai, hainyweki. Chumvi ni ile ile. Kilichopungua ni chombo.

Maji ya bahari yana ugumu mwingine. Kipimo chake cha pH, yaani cha uchachu wa maji, ni kama 8.1, wakati maji baridi mengi (yasiyo ya chumvi) huwa karibu na 7. Ukipanda hatua moja ya pH katika eneo hilo, sehemu ya amonia iliyo katika umbo lake kali huongezeka takriban mara 10, na joto huiongeza tena. Kwa hiyo kiasi ambacho samaki wa maji baridi angekistahimili kinaweza kumuua wa baharini, hasa sebule ikipata joto la Februari.

Basi nani huiondoa amonia? Bakteria. Wachukulie kama vikosi viwili vya wazoa taka mtaani. Kikosi cha kwanza hula amonia na kuigeuza kuwa nitriti. Kikosi cha pili huichukua nitriti na kuigeuza kuwa nitrati, ambayo samaki wengi huivumilia kwa kiasi kikubwa zaidi. Vikosi hivi havielei majini kwa wingi. Hukaa kwenye nyuso za vitu: vitundu vya jiwe, chembe za mchanga, sponji ya chujio. Ndiyo maana kumwaga maji hakuwaondoi sana, lakini kuchemsha mawe na kuosha mchanga kwa maji ya bomba yenye klorini, dawa ya kuua vijidudu, ni kubomoa makazi ya wazoa taka wote siku moja, huku taka zikiendelea kutoka majumbani.

Tena hawaji kabla ya taka. Huongezeka polepole kadiri chakula kinavyopatikana, na kwa kawaida vikosi vyote viwili huchukua wiki 4 hadi 6 kukamilika. Mara ya pili nilianza bila samaki. Nilinunua kamba mmoja mbichi soko la samaki la Feri, nikamwacha aoze ndani ya tangi. Kila jioni nilipima kwa dawa ya matone: njano maana yake hakuna amonia, kijani maana yake ipo. Wiki ya kwanza kijani kilikolea, kisha kikaanza kufifia, nitriti ikapanda. Wiki ya tano vyote viwili vilikuwa sifuri. Ajabu ni kwamba nitriti, inayoogopwa sana kwenye maji baridi, baharini huwa na makali madogo zaidi, kwa kuwa kloridi iliyomo kwenye chumvi huizuia kuingia kwa urahisi mwilini mwa samaki.

Anayegandisha maziwa hutia kijiko cha mgando wa jana, asisubiri bahati. Hapa pia, jiwe lenye maji lililotoka kwenye tangi la zamani la rafiki hufupisha safari. Bakteria wanaouzwa kwenye chupa huwa na matokeo yanayotofautiana. Wengine wamefanikiwa nao, wengine wamemwaga maji yasiyo na uhai. Jiwe hilo usilitafute kwenye matumbawe ya Mbudya, Bongoyo, Pangavini wala Fungu Yasini. Hayo ni maeneo tengefu ya bahari, hairuhusiwi kuchukua kitu humo.

Kiti cha pweza nilimpoteza kwa sababu nyingine. Mwili wake hauna namna ya kujirekebishia chumvi. Maji yakibadilika ghafla, naye hubadilika. Maji ya tangi hupungua kwa kukauka, lakini chumvi hubaki, nami nilikuwa nikijazia maji ya bahari, yaani nikiongeza chumvi juu ya chumvi. Mikono yake ililegea, kisha ngozi ikaanza kutoka vidonda. Kinachojazia pengo la kukauka ni maji baridi yaliyotolewa klorini. Baharini nako chumvi hushuka mvua zikinyesha, hasa karibu na mdomo wa Mto Msimbazi, ambako maji huja na takataka za mji. Siku hizi nachota maji yakijaa, mbali na mito, baada ya siku kadhaa za jua.

Kila wiki natoa lita 10, sizidishi. Mawe siyagusi. Sponji ikiziba naikamulia ndani ya ndoo ya maji yale yale niliyoyatoa, naisukasuka mara mbili tatu, nairudisha ikiwa bado ya kahawia.