Mshipa wa kitambaa: yanayosemwa na yalivyo

Hapa Moshi, watu wakisikia mgonjwa kawekewa mrija wa kitambaa kwenye aota, yaani mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, swali la kwanza ni hili: si kitaoza?

Hawajakosea kuuliza. Hariri ikikaa mwilini hupoteza nguvu, na hata nailoni iliyojaribiwa zamani ilidhoofika. Poliesta ndiyo iliyodumu, aina ileile ya uzi ulio kwenye mashati yanayotundikwa soko la Memorial. Haiozi. Ila baada ya miaka mingi mrija unaweza kutanuka, na mara chache hupasuka, ndiyo maana mgonjwa huitwa kupimwa tena.

Wengine husema: kama ni shati tu, hata fundi cherehani angeushona. Kwa kweli ndivyo ilivyoanza. Miaka ya 1950 huko Houston, Marekani, daktari Michael DeBakey aliingia dukani kutafuta nailoni, akaambiwa imekwisha, akachukua dakroni, yaani poliesta, akashona mirija kwa cherehani ya mkewe. Watu huishia hapo kusimulia. Baadaye ilibidi watafutwe wataalamu wa nguo watengeneze mirija isiyo na mshono, maana uzi peke yake hautoshi. Kazi iko kwenye ufumaji.

Shika kitenge ukivute kwa urefu: hakifuati mkono, kwa sababu mtande na mshindio, yaani nyuzi za urefu na za upana, vimekatizana vikabanana. Sasa vuta sweta la shule. Linarefuka, kwa kuwa limefumwa kwa vitanzi. Mirija ya mishipa nayo hutengenezwa kwa njia hizo mbili. Ule wa mtande na mshindio hubana na hauvuji sana, hivyo unafaa kifuani ambako damu hutoka moyoni kwa nguvu, ingawa ukiukata ncha zake huchambuka. Ule wa vitanzi ni laini, sindano hupita vizuri, lakini matundu yake ni makubwa zaidi.

Basi damu itavuja? Ingevuja, ndiyo. Zamani daktari aliulowesha mrija kwa damu ya mgonjwa mwenyewe, ikaganda na kuziba matundu kabla ya kuunganisha. Siku hizi mingi huja imepakwa kolajeni au jelatini, aina za protini, ambayo mwili huimeza polepole. Kwa nini matundu yasifutwe kabisa? Kwa sababu yanatakiwa: nyama changa hupenya humo na kuushikilia mrija. Mwaka 1947 Arthur Voorhees, daktari wa New York, aliona uzi wa hariri uliobaki ndani ya moyo wa mbwa umefunikwa na utando laini, akaanza kuwaza kuhusu mrija wa kitambaa. Na ile mikunjo midogo inayouzunguka mrija si urembo. Huuwezesha kupinda bila kujiziba.

Linalochanganya watu zaidi ni moyo. "Baba aliwekewa kitambaa kwenye moyo," mtu atakwambia, kumbe aliwekewa stenti, wavu wa chuma. Mishipa ya moyo ina upana wa milimita 3 au 4 hivi, na mrija wa kitambaa ulio chini ya milimita 6 huziba upesi kwa damu kuganda. Kwa hiyo upasuaji wa kuipa damu njia mpya ikwepe mshipa wa moyo ulioziba hutumia mshipa wa mguuni au wa ukutani mwa kifua. Ipo stenti iliyoshonewa kitambaa kweli, lakini hiyo hupitishwa kinenani kwenda kwenye aota iliyovimba; daktari Juan Parodi aliiweka kwa mgonjwa huko Buenos Aires, Argentina, mwaka 1990.

Mwisho, eti mwili utaukataa kama figo ya kupandikizwa. Hapana, wala hakuna dawa za kushusha kinga. Adui ni bakteria: wakishajificha kwenye nyuzi, vidonge peke yake mara nyingi havitoshi, na huenda mrija ukalazimika kutolewa. Mwenye mrija huu akipata homa isiyoeleweka, au kovu la kinenani likaanza kutoa usaha, asianzie duka la dawa. Aende hospitali ya KCMC au Mawenzi, na aseme pale mapokezi, kabla hajaulizwa, kwamba ana kitambaa kwenye mshipa.