Kabla ya Kulalamikia Mtandao, Chomeka Kebo

Malalamiko ya intaneti ya nyumbani kutoka kwa wakazi wa maghorofa yamezidi kuongezeka mezani kwetu sisi tunaopokea malalamiko dhidi ya watoa huduma, na mengi tunalazimika kuyarudisha. Si kwamba hatuwaamini walalamikaji. Tatizo ni kwamba fomu huandikwa "mtandao unakatika", basi. Mtandao upi? Ule unaoingia nyumbani kwa waya, au ule unaotoka kwenye ruta (kile kisanduku kinachosambaza Wi-Fi) kwenda kwenye simu yako? Wa kwanza ni wajibu wa mtoa huduma. Wa pili unapita hewani, na hewa hiyo unaigawana na jirani wa juu, wa chini na wa ukuta wa pili.

Kuitenganisha mitandao hiyo miwili si kazi ngumu. Chomeka kompyuta kwenye ruta kwa kebo, zima Wi-Fi ya kompyuta hiyo (wengi husahau hapa, wakajikuta wanapima hewa ileile), kisha pima kasi. Chomoa kebo, nenda pale mtandao unapokusumbua, pima tena. Kasi ikiwa mbovu hata kwenye kebo, mtafute mtoa huduma. Ikiwa kebo iko sawa na hewani ndiko inakoanguka, kumpigia simu ni kumchosha bure. Na tafadhali: vifurushi huuzwa kwa megabiti, programu nyingi za kupakua huonyesha megabaiti, na megabaiti moja ni megabiti nane. Mwenye kifurushi cha megabiti 40 anayeona 5 kwenye skrini hajaibiwa na mtu.

Alama za Wi-Fi kujaa kwenye simu nazo si ushahidi. Zinaonyesha nguvu ya mawimbi ya ruta yako, hazionyeshi msongamano. Wi-Fi hurushwa kwenye masafa, yaani ukanda wa mawimbi ya redio, uliogawanywa kwa vijia viitwavyo chaneli. Kwenye masafa ya gigahezi 2.4, chaneli zisizoingiliana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Jengo lenye ruta kila mlango linabanana humo, na kila kifaa husubiri kingine kinyamaze ndipo nacho kirushe. Ndiyo maana mchana mambo ni shwari, usiku watu wakisharudi video inaanza kuzungukazunguka. Anayejihamishia chaneli ya 3 au 4 akidhani amepata njia ya peke yake huwavuruga wa 1 na wa 6, naye huvurugwa nao.

Tanuri la mikrowevu nalo limo katika masafa hayohayo. Tuliwahi kuletewa barua ya kutaka jirani azuiwe kupasha chakula saa za mikutano. Haiwezekani. Kanuni za kimataifa za redio zimeyatenga masafa hayo kwa mitambo ya aina hiyo, na mawasiliano yanayopita humo yanatakiwa kuvumilia usumbufu wake. Kwa lugha nyepesi, tanuri ndilo lenye haki ya njia.

Hamia masafa ya gigahezi 5. Kuna chaneli nyingi zaidi, na kwa kuwa mawimbi yake hayapenyi kuta vizuri, ya jirani nayo hukufikia yakiwa yamechoka. Ila baadhi ya chaneli hizo hutumiwa pia na rada. Ruta ikihisi rada lazima iondoke, na ikihamia chaneli nyingine ya aina hiyo isikilize kwa sekunde 60 kabla ya kurusha. Mtandao ukipotea kama dakika nzima kisha ukarudi wenyewe, anza kushuku hapo.

Halafu itoe ruta ilikojificha. Katika fleti moja niliyoitwa kukagua, ilikuwa ndani ya kabati la chuma, nyuma ya televisheni, na tangi la samaki pembeni yake. Chuma huzuia mawimbi, maji huyanywa. Tuliitoa, tukaiweka juu ya rafu ya mbao ukumbini, na chumba cha mwisho kikapata mtandao kabla sijamaliza kujaza karatasi zangu.

Nasisitiza kuhusu vifaa vya kuongeza nguvu. Ripita iliyoidhinishwa, yaani kifaa kinachopokea mawimbi ya ruta na kuyarusha tena, inaruhusiwa, ingawa yenye redio moja hupunguza kasi karibu nusu kwa kuwa hupokea na kurusha kwa zamu. Kinachokatazwa ni kifaa kinachorusha kupita kiwango kilichowekwa, au cha kuziba mawimbi ya wengine. Katika nchi nyingi kifaa hutaifishwa na mwenyewe hutozwa faini, na "sikujua" haisaidii. Mwaka 2014 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilifikia makubaliano na kampuni moja ya hoteli, na kampuni hiyo ikalipa dola 600,000 kwa kukata Wi-Fi ambazo wageni walikuwa wamejiwashia wenyewe.

Ukishafanya hayo na kasi kwenye kebo bado ni mbovu, andika vipimo vya siku tatu mfululizo, asubuhi na usiku, kila kimoja na tarehe, saa na kasi. Peleka kwanza kwa mtoa huduma na udai namba ya lalamiko. Bila namba hiyo faili halifunguliwi. Asipokujibu ndani ya muda ulioandikwa kwenye mkataba wako, tuletee namba, vipimo na nakala ya mkataba. Vipimo vya hewani peke yake tutavirudisha, hata vikija na barua ya wakili.