Kura yako huhesabiwaje? Maana ya mfumo wa uchaguzi

Januari 1961, zama za siasa visiwani Zanzibar, chama cha Afro-Shirazi (ASP) kililichukua jimbo la Chake Chake kwa tofauti ya kura moja. Kwa ushindi huo ASP ikafikisha viti 10, Zanzibar Nationalist Party, ambayo watu waliiita Hizbu, ikawa na 9, na chama cha tatu, ZPPP, 3. Wale watatu wa ZPPP wakagawanyika, wawili wakaenda Hizbu na mmoja ASP. Ikawa kumi na moja kwa kumi na moja. Serikali ikashindikana, kikaongezwa kiti cha 23 ili sare isijirudie, uchaguzi ukafanyika upya Juni, na machafuko yaliyofuatana nao yakaua watu 68. Kama Chake Chake ingeangukia upande wa pili, Hizbu na wenzake wangekuwa na viti 12 dhidi ya 10, na uchaguzi wa Juni usingehitajika.

Julai 1963 wakapiga kura tena. Safari hii ASP ilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura zote. Viti ilivyopewa ni 13 kati ya 31. Hizbu ilipata 12, ZPPP 6, wakaungana, na Muhammad Shamte akaendelea kuwa Waziri Mkuu. Uhuru ukaja Desemba 10, Mapinduzi Januari 12. Mapinduzi yale yana sababu nyingi kuliko hesabu ya viti, lakini chama kilichopigiwa kura na zaidi ya nusu ya watu na bado kikakaa upinzani hakikuwa na sababu ya kuyaamini masanduku.

Visiwa vile vile, wapiga kura karibu wale wale. Mwaka mmoja kura moja inakwamisha serikali nzima, na baada ya miaka miwili na nusu maelfu ya kura hayapati hata kiti kimoja. Kinacholeta tofauti hiyo ndicho kinachoitwa mfumo wa uchaguzi: kanuni ya kugeuza kura kuwa viti. Ndani yake mna namna mipaka ya majimbo ilivyochorwa, namna karatasi ya kura ilivyo (unachagua mtu, unachagua chama, au unawapanga wagombea kwa namba), na kiwango ambacho mtu akikifikia anatangazwa mshindi. Tume ya uchaguzi, mawakala, wino kidoleni na foleni ya alfajiri ni uendeshaji tu. Uchaguzi unaweza kuendeshwa bila kasoro hata moja na bado kanuni ikatoa jibu ambalo wengi hawakulitaka.

Kilichoiponza ASP ni mfumo wa jimbo moja, mbunge mmoja, anayeongoza ndiye mshindi hata kama hakufika nusu. Wakoloni wa Kiingereza waliuacha karibu kila walikopita, na ndio unaotumika kuchagua wabunge Tanzania, Kenya na Uganda hadi leo. Ndani ya mfumo huo kura hupotea kwa njia mbili. Ya kwanza kila mtu anaijua, ni kura ya aliyempigia mshindwa. Ya pili husahaulika, nayo ni kura ya ziada ya mshindi. Kura za ASP zilirundikana katika ngome zake za Unguja. Kumshinda mpinzani kwa maelfu katika jimbo moja hakukupi viti viwili. Wapinzani wake walishinda Pemba kwa tofauti ndogo, na ushindi mwembamba una thamani ile ile ya ushindi mnene. (Kura iliyopotea hapa si kura iliyoharibika. Iliyoharibika haikuhesabiwa, iliyopotea imehesabiwa vizuri kabisa na haikubadili kitu.)

Mfumo huu haujabadilika tabia. Uingereza, mwaka 2024, Labour ilipata asilimia 34 hivi ya kura na viti 411 kati ya 650. Reform UK ilipata asilimia 14, viti vitano. Liberal Democrats walikuwa nyuma ya Reform kwa kura, na wakapata viti 72, kwa sababu kura zao zilikaa katika majimbo waliyoweza kuyashinda, za Reform zikatawanyika nchi nzima. Lesotho ndiko ulikofikia kilele chake: mwaka 1998 chama cha LCD kwa asilimia 60 hivi ya kura kilichukua viti 79 kati ya 80. Chama cha BNP, chenye karibu robo ya kura, kikaambulia kimoja. Ghasia zikazuka, majeshi ya Afrika Kusini na Botswana yakaingia, mji wa Maseru ukachomwa moto. Basotho hawakuishia kulaumiana, waligusa kanuni yenyewe. Kufikia uchaguzi wa 2002 waliongeza viti 40 vya kufidia vyama ambavyo kura zao hazikuzaa majimbo, na BNP ikapata 21. Kwangu mimi hiyo ni kazi kubwa ya kisiasa iliyofanywa na nchi ndogo, na huku kwetu haitajwi.

Njia ya Lesotho ni mseto. Uwakilishi wa uwiano mtupu uko Afrika Kusini: asilimia unayopata ndiyo asilimia ya viti. ANC mwaka 2024 ilipata asilimia 40 ya kura na viti 159 kati ya 400, hesabu inayoeleweka hata kwa mtoto wa darasa la nne. Kura haipotei hovyo, na vyama vidogo vyenye kiti kimoja au viwili vimo bungeni. Bei yake ni kwamba mbunge anatokana na orodha ya chama, basi anamwogopa anayeiandika orodha kuliko wewe. Barabara yenu ikikatika hakuna mtu mmoja wa kumkaba koo. Na uwiano peke yake hauleti ushindani: Rwanda na Burundi nazo huchagua wabunge kwa orodha za vyama, na kila mmoja anajua nani hushinda huko.

Kwa urais swali huwa jepesi zaidi: lazima mshindi avuke nusu, au kuongoza kunatosha? Kenya ya 1992 inaonyesha tofauti yake. Daniel arap Moi alishinda kwa asilimia 36 hivi, kwa kuwa wapinzani wake Matiba, Kibaki na Jaramogi Oginga Odinga waligawana zaidi ya asilimia 60. Katiba ya 2010 ikafunga mlango huo: nusu ya kura na kuzidi, pamoja na robo ya kura katika angalau kaunti 24 kati ya 47, asije akapatikana rais wa upande mmoja wa nchi. Asipopatikana mtu, duru ya pili. Wakenya walifika hadi kubishana mahakamani kama kura zilizoharibika ziingie kwenye hesabu ya asilimia. Mwaka 2013 Uhuru Kenyatta alitangazwa na asilimia 50.07, kwa hiyo ubishi huo haukuwa wa wanasheria wasio na kazi. Mahakama ya Juu ikasema haziingii.

Wengine walikwenda kinyume. Tanzania iliondoa sharti la kuvuka nusu mwaka 2000, sasa anayeongoza anatosha. Kanuni hiyo haijawahi kupimwa, maana kila aliyetangazwa tangu hapo alitangazwa na zaidi ya nusu. Kongo iliifuta duru ya pili Januari 2011, uchaguzi ukafanyika Novemba mwaka huo huo, na Joseph Kabila akashinda kwa asilimia 49. Ukiona kanuni inaguswa miezi michache kabla ya uchaguzi, tazama inamfaa nani kabla ya kusoma sababu zilizoandikwa.

Sasa swali ambalo kijiweni huulizwa kwa kejeli: yote haya yakiwa hivi, kupiga kura kuna faida gani? Wachumi wana jibu lao kavu. Uwezekano wa kura yako moja kuamua nani awe rais ni mdogo kiasi kwamba nauli ya kwenda kituoni imeshakutia hasara. Hesabu hiyo ni sahihi, ila inajibu swali dogo. Chukua Kenya 2022. William Ruto alimzidi Raila Odinga kwa kura 233,211. Nchi nzima kulikuwa na vituo 46,229, basi tofauti yao ni kama kura tano kwa kila kituo. Na ile nusu aliivuka kwa kura karibu elfu 70, yaani kura moja na nusu kwa kituo. Peke yako huamui. Wewe na jirani zako wawili mliokubaliana kulala mnaamua kama nchi inarudi kwenye duru ya pili au la, mradi watu wa vituo vingine nao wameamua kama nyinyi.

Kwa hiyo uzito wa kura unategemea unaipiga ndani ya kanuni gani. Katika jimbo ambalo chama kimoja hushinda kwa asilimia 80 kila mara, kura yako ya ubunge haina nguvu kubwa, niseme ukweli. Lakini karatasi ya rais uliyopewa siku hiyo hiyo haina jimbo, inajumlishwa na ya Kagera na ya Mtwara. Na hata ile ya ubunge, kwa Tanzania, ina njia ya pili ambayo wenye kadi za mpiga kura wengi hawajawahi kuambiwa. Viti maalum vya wanawake hugawiwa vyama kwa kufuata kura za ubunge nchi nzima, kwa chama kilichofikisha asilimia tano ya kura halali. Mgombea wako akishindwa vibaya, kura yako bado imeingia kwenye fungu hilo. Ni uwiano uliojificha ndani ya mfumo wa majimbo. Ubaya wake, jina la anayekalia kiti hukulichagua wewe, limepangwa na chama, na viti hivyo vimegeuka zawadi ya utiifu mara nyingi kuliko ngazi ya kupanda.

Kususa je? Kususa kuna historia ndefu kwetu na matunda machache. Kenya, baada ya Mahakama ya Juu kufuta uchaguzi wa urais Septemba 1, 2017, Raila Odinga alijitoa kwenye marudio ya Oktoba. Waliojitokeza hawakufika asilimia 40, Kenyatta akapata asilimia 98 na akaapishwa. Zanzibar, chama cha upinzani cha CUF kiligoma kushiriki marudio ya Machi 2016, Dk. Shein akapata asilimia 91 na serikali ikaundwa bila wao. Kanuni haina mahali pa kuhesabu waliobaki nyumbani. Australia imelimaliza suala hilo kwa sheria, kupiga kura kwa bunge la taifa ni lazima tangu 1924 na asiyekwenda bila sababu hutozwa faini ndogo. Faida yake ni kwamba vyama havipotezi nguvu kuwabembeleza watu watoke nyumbani, na hila za kuwakatisha tamaa wafuasi wa mpinzani hazina soko.

Ila kuna hali ambayo mjadala wote wa mifumo hauifikii. Tanzania, Oktoba 29, 2025, chama kikuu cha upinzani hakikuwa kwenye karatasi ya kura, mwenyekiti wake alikuwa mahabusu kwa kesi ya uhaini, na tume ikamtangaza Rais Samia Suluhu Hassan kwa asilimia 97.66 katikati ya ghasia na intaneti iliyozimwa. Katiba inasema rais akishatangazwa hakuna mahakama ya kuchunguza uchaguzi wake. Hapo kumwambia mtu kuhusu uwiano na duru ya pili ni kumdhihaki. Mfumo wa uchaguzi hugawa ushindi kati ya washindani, na wasipokuwepo hauna cha kugawa. Hata wakati wa chama kimoja TANU ilijua hilo: kuanzia 1965 ilisimamisha wagombea wawili katika majimbo mengi, mmoja alama ya jembe na mwingine nyumba, na wananchi wakamwangusha Waziri wa Fedha, Paul Bomani. Rais alikuwa na ndiyo na hapana tu, lakini mbunge aliweza kutolewa.

Anayetafuta mahali ambapo kura yake ina uzito mkubwa zaidi ashuke chini kabisa, kwenye kata na mtaa. Hesabu ni rahisi: wapiga kura wachache, waliojitokeza wachache zaidi, tofauti ndogo. Watu wanaojaza viwanja kumsikiliza mgombea urais hawajui hata siku ya uchaguzi wa serikali za mitaa, ambao Tanzania hufanyika mwaka mmoja kabla ya uchaguzi mkuu. Kisha Jumatatu wanapanga foleni kwa mwenyekiti wa mtaa, yule yule ambaye hawakumpigia wala kumnyima kura, wakisubiri awagongee muhuri kwenye barua ya utambulisho ya benki.