Moto si dawa ya kiporo

Sikukuu ikiisha, simu zinaanza. Kazi yangu ni kufundisha upishi, na siku mbili tatu baada ya karamu hakuna anayeniuliza namna ya kupika. Wanaulizia kilichobaki. Sentensi yenyewe nimeshaikariri: "Mwalimu, sufuria ililala jikoni, lakini asubuhi nimeichemsha sanasana. Sasa niigeuze iwe nini?" Mwenzangu anataka pishi jipya, mimi nimeshakwama kwenye "ililala jikoni". Nitaanza hapo, na nitakaa hapo muda mrefu, kwa sababu ubunifu wote wa viporo unasimama au kuanguka kwenye jambo hili moja.

"Nikichemsha vizuri, kila kitu kinakufa"

Hakifi. Moto unaua bakteria wengi walio hai, na ndiyo maana tunapasha kiporo mpaka katikati yake ifike nyuzi 74 za Selsiasi. Lakini kuna vitu viwili ambavyo moto wa jikoni hauviwezi: spora, yaani bakteria aliyejifungia ndani ya ganda gumu akisubiri hali nzuri, na sumu iliyokwisha kutengenezwa.

Chukua wali. Mchele mbichi huja na spora za Bacillus cereus, bakteria wa udongoni. Unapochemsha mchele, spora hizo hazifi, zinatulia tu. Wali ukiachwa upoe polepole ndani ya sufuria iliyofunikwa, zinaamka, zinazaliana, na baadhi ya aina za bakteria huyo hutoa sumu iitwayo sereulaidi. Sumu hiyo imepimwa ikastahimili nyuzi 121 kwa dakika 90. Maji ya sufuria yako yanachemkia nyuzi 100. Hata ukichemsha mpaka wali ugeuke uji, bakteria watakufa na sumu itabaki palepale. Mara nyingi mlaji anaanza kutapika kabla saa 6 hazijapita tangu ale, halafu lawama zinaenda kwa keki.

Kuku aliyechambuliwa ana hadithi yake. Bakteria aitwaye Staphylococcus aureus anaishi puani na kwenye ngozi za watu wengi tu wenye afya njema. Siku ya karamu watu wanachambua nyama kwa vidole, wanapangusa pua, wanapokea simu, wanarudi kuchambua, na sahani inakaa mezani mpaka wageni wa mwisho waondoke. Sumu ya bakteria huyu nayo haijali kuchemshwa.

Halafu yupo Clostridium perfringens, mpenzi wa sufuria kubwa. Mchuzi mzito wa nyama, sufuria imejaa na kufunikwa: katikati yake unabaki na joto kwa saa nyingi, na hewa haifiki huko. Kwenye nyuzi 43 hadi 47 hivi bakteria huyu anaweza kujigawa mara mbili kila baada ya dakika 10. Piga hesabu: mmoja anakuwa 64 ndani ya saa moja. Kwa haki yake niseme kwamba huyu, akishaamka kutoka kwenye spora, kupashwa moto vizuri kunamuua. Ndiyo sababu watu wengi wanaponea chupuchupu halafu wananijibu kwa majivuno, "Mbona tunakula hivyo miaka yote?" Mmekula mkabahatika. Au mliumwa matumbo mkasingizia pilipili.

Kwa hiyo usalama wa kiporo unaamuliwa usiku uleule wa karamu, watu wakiwa wamechoka na hakuna anayetaka kuosha vyombo. Kati ya nyuzi 5 na 60 bakteria wanastawi. Chakula kilichopikwa kisikae katika joto hilo zaidi ya saa 2 kwa jumla, na kama siku ni ya joto kali, zaidi ya nyuzi 32, basi saa 1 tu. Kwa jumla maana yake unajumlisha pia muda ambao sahani ilikuwa mezani watu wakijipakulia.

Hapo ndipo ndugu yake dhana hii anapojitokeza: eti chakula cha moto hakiingii kwenye friji, kitaiharibu, sharti kipoe kabisa kwanza. Ukiingiza sufuria nzima inayofuka mvuke, kweli utavipasha joto vilivyo jirani yake, na katikati ya sufuria hapatapoa mpaka alfajiri. Lakini tiba yake ni kukigawa. Kuiacha sufuria juu ya jiko mpaka asubuhi si tiba. Tumia vyombo vya bapa, chakula kisizidi kina cha sentimita 5 hivi, mvuke mkali ukishatoka kiingie ndani, na viachiane nafasi hewa ya baridi ipite. Wali umwage kwenye sinia pana na uutandaze, utapoa haraka kuliko unavyodhani. Sufuria ya mchuzi ikalishe ndani ya beseni la maji ya baridi au barafu, ukoroge. Na tafadhalini, nunueni kipimajoto cha friji. Watu wana simu zenye kamera tatu lakini hawajui kama friji yao iko nyuzi 4 au 11. Inatakiwa iwe 4 au chini yake.

Ukifanya hayo, una siku 3 mpaka 4 za kucheza na kiporo chako. Wali mimi naupa siku 1, na anayetaka kubishana abishane na sereulaidi.

"Kiporo ni chakula cha jana, kazi ni kukipasha"

Hapa moto unapewa tena sifa isiyo yake, safari hii kwa upande wa ladha. Kuku wa kuokwa ukimrudisha ovenini ukitegemea awe vilevile alivyokuwa jana, utapata nyuzinyuzi kavu zenye harufu ya kadibodi. Harufu hiyo haitokani na uzembe wako. Watafiti Tims na Watts waliieleza mwaka 1958. Joto la kwanza linafungua madini ya chuma yaliyomo ndani ya nyama, na madini hayo yanachochea mafuta kuungana na oksijeni huku nyama imetulia kwenye friji. Mafuta ya kuku, bata mzinga na samaki ndiyo yanayoshindwa haraka zaidi. Ukipasha, harufu inainuka na kukujaa puani.

Ukishalijua hilo, ubunifu unaacha kuwa mchezo wa kubahatisha. Njia ya kwanza ni kutomrudisha motoni kabisa. Mchambue akiwa wa baridi, mchanganye na kitunguu kibichi, tango, majani yenye harufu nzuri na limau la kutosha. Njia ya pili ni kuizuia oksijeni mapema: usiku uleule zamisha vipande ndani ya mchuzi, kisha ndiyo uvihifadhi. Nyama iliyofunikwa na mchuzi inaharibika ladha polepole kuliko iliyolala kavu kwenye sahani. Na viungo vinasaidia kwa sababu halisi, si kwa kuficha tu. Karafuu, rozimari na kitunguu saumu vina kemikali zinazopunguza kasi ya mafuta kuharibika. Ukilazimika kumpasha, kata vipande vyembamba na uviingize mwishoni kwenye kitu kinachochemka. Vyembamba vinafika nyuzi 74 upesi kabla havijakauka.

Mifupa isitupwe. Sijui kwa nini jambo hili linahitaji kusemwa, lakini ninalisema kila mwaka. Ivunjevunje, ifunike na maji ya baridi, tia vichwa vya vitunguu na karoti iliyonyauka, kisha moto mdogo kwa saa 2 au 3. Uso wa maji utikisike, usitibuke. Kolajeni, protini ngumu ya kwenye maungio ya mifupa, inageuka jelatini, na supu ikipoa ikaganda ikawa inatikisika, umefaulu. Chumvi usiweke mwanzoni, kwa sababu kuku wa karamu alishatiwa chumvi na supu itapungua. Ya ziada igande kwenye friza kwa mafungu ya kikombe kimoja kimoja. Supu hiyo ndiyo itakayookoa viporo vingine vyote, pamoja na viazi vilivyopondwa, ambavyo vikikorogwa ndani yake vinaifanya iwe nzito bila unga.

Wali ni kinyume cha kuku. Ukipoa, wanga wake unajipanga upya na kukaza, punje zinaachana. Kwa hiyo wali wa kukaanga unapendeza zaidi ukitokana na kiporo kilichotoka kwenye friji kuliko wali uliopakuliwa sasa hivi, ambao unashikana na kuvurugika. Kikaango kiwe cha moto sana, uingize kidogo kidogo, na ukishajaza mpaka juu umeshaharibu, unauchemsha kwa mvuke wake badala ya kuukaanga. Yai, vipande vya nyama, mboga zilizobaki, basi.

Viazi vilivyopondwa visivyoenda kwenye supu, tia yai na unga kidogo, fanya katlesi. Kosa la kawaida ni kuongeza maziwa ili vilainike. Vinatakiwa viwe vikavu, la sivyo vitafumuka kwenye mafuta. Mboga zilizoiva kupita kiasi hazifufuki, kwa hiyo ama zikamue maji uziweke kwenye kimanda ama uzisage ziwe supu.

Kuna jambo moja ninalowakazania wanafunzi mpaka wanaguna. Kinachopungua kwenye kiporo kwa kawaida ni uchachu na kitu kibichi chenye mkatiko. Kabla ya kuongeza chumvi, jaribu limau au matone ya siki, kisha kitu kibichi juu: kitunguu, kabichi iliyokatwa nyembamba, majani mabichi. Na chumvi ionje chakula kikiwa katika joto ambalo kitaliwa. Ubaridi unafifisha ladha, kwa hiyo mchuzi ulioukoleza ukiwa wa baridi utakukereketa ukipashwa.

"Nimenusa, kiko sawa"

Bakteria wanaofanya chakula kinuke na wanaomwangusha mtu kitandani mara nyingi si walewale. Chakula kinachonuka tupa. Kisichonuka hakijathibitisha chochote, na kukionja kidogo ili ujue ndiyo njia ya kipumbavu zaidi ya kupima.

"Mkate umekauka, uweke kwenye friji usizidi"

Jean-Baptiste Boussingault, mkemia Mfaransa, alionyesha mwaka 1852 kwamba mkate unakuwa mgumu hata ukizuiwa usipoteze maji. Kinachoukaza ni wanga kujipanga upya, na baridi ya friji ndiyo inayoharakisha kazi hiyo. Mkate ukae nje kwa siku chache au uende friza moja kwa moja, umekatwa vipande. Mkate uliokaza ukipata joto la zaidi ya nyuzi 60 unalainika tena kwa muda, kwa hiyo ulowanishe ganda kidogo, uingize ovenini na uule papo hapo. Uliokwisha kukataa, usage uwe chenga za kupakia katlesi zako au uloweke kwenye maziwa na mayai uwe pudini. Ukiwa na ukungu, tupa wote, kwa sababu nyuzi za ukungu zinapenya mbali kuliko doa unaloliona. Jibini gumu ndilo linaloruhusu kukatwa, na ukate angalau sentimita 2.5 kuzunguka doa.

"Mayonezi ndiyo hatari"

Mayonezi ya dukani ina asidi ya kutosha kuwasumbua bakteria. Hatari katika saladi iliyoachwa mezani ni viazi na kuku waliomo ndani yake. Mayonezi ya nyumbani ya mayai mabichi ni habari nyingine, hiyo isibaki kabisa.

"Kiporo hakina lishe"

Vitamini C inapungua, na kila ukipasha inapungua tena. Protini na madini yapo. Sehemu ya wanga wa wali na viazi vilivyopoa inakuwa ngumu kumeng'enywa, na inafanya kazi kama nyuzilishe. Jambo la kuzingatia ni kupasha kiasi utakachokula tu, mara moja, badala ya kuzungusha sufuria nzima kati ya friji na jiko kwa siku tatu.

"Friza inaua vijidudu" na "kikishayeyuka hakirudi"

Friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri inawasimamisha bakteria, na wengi wao wanaamka kikiyeyuka. Kwa hiyo chakula kilicholala jikoni usiku hakitakaswi kwa kugandishwa asubuhi. Kuhusu kurudisha, kilichoyeyukia ndani ya friji kinaweza kugandishwa tena, utapoteza majimaji na ulaini kidogo tu. Kilichoyeyukia juu ya meza kwa zaidi ya saa 2, hapana. Igandishe supu na michuzi kwenye mifuko iliyolazwa bapa, bandika karatasi yenye jina na tarehe, kwa maana baada ya mwezi mchuzi wa kuku na mchuzi wa maharagwe vinafanana kabisa.